Jina Lake Umelirudisha?



Leo naomba niandike kuhusu kosa langu mwenyewe. Nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kulileta hapa. Niliyemkosea nimemwomba ruhusa, naye ameniruhusu kwa sharti moja tu, kwamba nisitaje jina lake. Kwenye kwaya alikuwa anaimba besi, basi hapa nitamwita Besi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kwaya ya vijana parokiani kwetu. Tulikuwa tunashona sare mpya za Noeli, kila mwanakwaya shilingi 35,000. Wengine walituma kwa simu, wengine walitoa mkononi. Besi ndiye aliyekuwa kiongozi wa sauti yake, akakusanya kwa watu wanane, jumla 280,000, akanikabidhi kwenye bahasha siku ya msiba wa baba wa mwanakwaya mwenzetu. Nilikuwa kule nyuma na akina mama, napuliza moto kwenye sufuria la wali. Nikaipokea, nikaitia kwenye mkoba, nikaendelea na kazi. Sikuandika popote.

Wiki tatu baadaye nafunga hesabu, 280,000 haionekani. Nikampigia Besi. Akasema, "Dada, si nilikupa siku ile ya msiba?" Mimi sikukumbuka kabisa. Nilikumbuka moshi, nilikumbuka wimbo tuliomwimbia marehemu, bahasha sikuikumbuka.

Sasa, Besi anaendesha bodaboda. Wiki ileile alikuwa amebadilisha matairi yote mawili. Unajua akili ya mtu inavyounganisha mambo ikiwa na hofu. Usiku ule nikaandika kwenye grupu la kwaya: "Kuna mtu amekula fedha ya sare. Arudishe kabla ya Jumapili. Tunamjua." Jina sikutaja. Sikuhitaji kutaja.

Siku chache baadaye, Alhamisi, nikapita kwa fundi kuuliza sare zimefikia wapi. Fundi akafungua daftari lake ili anionyeshe kiasi tunachodaiwa. Nikaona mstari umeandikwa: malipo ya mwanzo, 280,000, tarehe ya msiba, na chini yake sahihi yangu. Jioni ile nikitoka msibani nilipitia kwake nikamlipa kwa ile bahasha nzima, kisha nikaenda nyumbani kulala kwa uchovu. Hakuna hata shilingi moja iliyoibiwa. Aliyesahau ni mimi.

Hapo ningekimbia kumsafisha mwenzangu. Sikukimbia. Nilikaa kimya siku tatu, kwa sababu niliona aibu. Jumapili usiku ndipo nikamfuata inboksi: "Kaka samahani, ile hela imeonekana, ilikuwa makosa ya hesabu tu. Mungu akubariki sana." Nikaweka na vile viganja vya kusali. Akajibu neno moja: "Sawa." Kwenye grupu nikaandika, "Wapendwa, suala la hesabu limekaa vizuri, tuendelee na mazoezi."

Nikahesabu kwamba yameisha.

Besi hakuja mazoezini tena. Baadaye hata Misa ya vijana akawa haonekani. Wenzangu walianza kusema ana kiburi, si ameshaombwa msamaha, Mkristo gani huyu asiyesamehe? Na mimi nikaitikia. Ndiyo, niliitikia.

Swali la kitubioni

Kwaresima ilipofika nikaenda kuungama. Nilitaja dhambi hiyo katikati ya nyingine, haraka haraka: nilimshuku mwenzangu bila ushahidi, nikamsema vibaya. Padre akaniuliza, "Na jina lake umelirudisha?"

Nikamweleza kwamba nilishamwomba msamaha inboksi.

"Na ulimsema wapi?"

"Kwenye grupu, Padre."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia kwamba Mungu hana ugumu wa kunisamehe, lakini kuna kitu nimekivunja ambacho hakiko mbinguni, kiko hapa mtaani, na hapa mtaani ndipo kinapotakiwa kutengenezwa. Akanipa ondoleo, na katika malipizi yangu akaniambia niende kwa mlezi wa vijana, nimweleze yote, nifuate atakachonishauri.

Niliporudi nyumbani nikafungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459. Kumbe jambo lenyewe limo siku zote. Kanisa linafundisha pale kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini haliondoi madhara yote ambayo dhambi imeyasababisha, na kwamba mtu anapaswa kufanya kila anachoweza kuyarekebisha. Mifano iliyotolewa ni mitatu: kurudisha vilivyoibiwa, kumrudishia heshima aliyesingiziwa, na kulipa fidia kwa aliyeumizwa. Huo mfano wa pili nilikuwa mimi. Ndiyo maana katika sakramenti ya Kitubio, baada ya majuto na maungamo, kuna malipizi. Wengi wetu tumeyageuza kuwa "Salamu Maria tatu", tunazisali tukiwa tunatoka mlangoni, tukamaliza.

Maswali matatu

Mlezi wetu ni mama mstaafu aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikemea. Kisha akaniambia kuna njia ya kutafuta haki inayoitwa haki rejeshi, yaani haki inayolenga kurejesha kile kilichovunjika, na akanisimulia habari moja ya Kanada.

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario, vijana wawili walilewa usiku mmoja wakaharibu mali katika sehemu 22. Walitoboa matairi, wakavunja vioo na madirisha. Walikamatwa, wakakiri mahakamani. Kwa kawaida hapo ingefuata adhabu na mambo kuisha. Lakini afisa aliyekuwa akishughulikia shauri lao, Mark Yantzi, Mkristo wa madhehebu ya Mennonite, alipendekeza kwa hakimu kwamba vijana hao waende kuonana na watu waliowaharibia. Hakimu akakubali. Wakaenda nyumba kwa nyumba, wakagonga mlango, wakajitambulisha kuwa ndio waliofanya, wakasikiliza hasara ilikuwa kiasi gani, na baada ya miezi michache wakairudia njia ileile kulipa. Wengi wanaofundisha haki rejeshi duniani leo huanzia kwenye habari hiyo.

Mtu mmoja aliyeieleza sana njia hii ni Howard Zehr, Mmarekani, katika kitabu chake Changing Lenses cha mwaka 1990. Mama Mlezi alinifupishia hivi. Tunapozoea kuhukumu, tunauliza: Sheria ipi imevunjwa? Nani kaivunja? Anastahili adhabu gani? Haki rejeshi inauliza mambo mengine: Nani ameumia? Anahitaji nini? Nani ana wajibu wa kutengeneza?

"Sasa mwanangu," akasema, "jibu hayo matatu."

Nikajaribu. Nani ameumia? Besi. Anahitaji nini? Nikakwama hapo hapo. Sikuwa najua. Nilikuwa nimemwomba msamaha mtu ambaye sijawahi kumuuliza ameumia wapi.

Zamu yako bado

Mama Mlezi alienda kwanza kwa Besi peke yake, akamuuliza kama yuko tayari kukaa na mimi. Alimwambia wazi kwamba akikataa hakuna atakayemlaumu. Besi akachukua wiki mbili kufikiri. Kisha akakubali, tukakutana nyumbani kwa Mama Mlezi Jumamosi jioni, sisi watatu na mwenyekiti wa kwaya.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kueleza ule msiba, uchovu, moshi, jinsi mtu anavyoweza kusahau. Nilipofungua tu mdomo, Mama Mlezi akaninyooshea kiganja: "Subiri. Zamu yako bado."

Basi Besi akaongea. Alisema baada ya ule ujumbe, familia mbili zilizokuwa zikimpa watoto awapeleke shule kila asubuhi zilimwambia asije tena. Hazikueleza sababu. Mmoja wa wazazi hao alikuwa na dada yake kwenye kwaya. Kwa mtu wa bodaboda, watoto wa shule ndio mshahara, hao wengine ni bahati ya siku. Alisema siku hizo kijiweni wenzake walimtania, wakimwita "mhasibu". Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida.

Kisha akasema, "Lakini siyo hayo. Mama aliniuliza."

Akanyamaza. Halafu akaendelea kwamba usiku mmoja mama yake alikuja akakaa kwenye kitanda chake, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, niambie tu ukweli, ulichukua?" Alikuwa amelelewa na mama huyo peke yake, na hajawahi kumwibia hata sukari. "Dada, mama yangu aliniuliza. Na mpaka leo sijui kama aliamini nilivyomjibu."

Yale maneno niliyoyaandaa yaliishia hapo. Nilimwambia kwamba nilijua ukweli siku ya Alhamisi, nikanyamaza mpaka Jumapili. Hilo hakulijua. Aliniangalia kwa muda. Mwenyekiti naye akakiri kwamba yeye ndiye aliyemwambia mtu fulani, na huyo mtu akawaambia wengine. Pale nikaelewa kwa nini hakuwa peke yangu kwenye kile kikao. Mimi niliwasha kiberiti, ila nyasi zilikuwa zetu sote.

Mama Mlezi akamuuliza Besi anahitaji nini. Alitaja mambo matatu. La kwanza, niseme ukweli palepale niliposemea uongo, tena kwa jina langu. La pili, niende kwa zile familia mbili. La tatu, niende kwa mama yake. Akaongeza: "Na msiniambie nirudi kwaya. Nikitaka nitarudi mwenyewe."

Kuyafanya

Waswahili wana msemo, jino la pembe si dawa ya pengo. Ile "samahani" yangu ya inboksi ilikuwa jino la pembe. Ilijaza nafasi, ikapendeza kwa nje, lakini haikuweza kutafuna kitu.

Kwenye grupu niliandika mistari michache: kwamba mimi ndiye niliyepokea fedha, mimi ndiye niliyelipa fundi, mimi ndiye niliyesahau na kumsingizia mwenzangu, na kwamba nilijua siku tatu kabla ya kusema. Nilisoma hayohayo kwa mdomo kwenye mazoezi, na mguu ulikuwa unatetemeka. Kwaya ikakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo fedha ihesabiwe na watu wawili na kila anayetoa apewe stakabadhi. Nilidhani wataniondoa kwenye hazina. Walinibakiza, na mtu wa kunisimamia juu.

Kwa zile familia nilienda na daftari la fundi. Familia moja ilimpigia Besi simu siku ileile. Nyingine ilinipokea vizuri, ikanishukuru, na haikumrudisha. Ilikuwa imeshapata mtu mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Ila nimejifunza kwamba aliyeyamwaga bado anaweza kubeba ndoo kurudi kisimani. Wiki zile kwa pesa yangu nilimlipa Besi nauli za watoto wa familia iliyoondoka, kwa muda tuliokubaliana kikaoni. Alisita kupokea. Mama Mlezi akamwambia, "Pokea, siyo zawadi."

Kwa mama yake nilienda mwisho, kwa sababu nilimwogopa kuliko wote. Alinikaribisha chai. Nikamweleza yote nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Akasikiliza, kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo mwanangu alinijibu kweli?" Nikasema, "Ndiyo mama, alikujibu kweli." Akainuka, akaenda chumbani. Nilisikia analia. Aliporudi aliniongezea chai.

Zakayo na meza

Tangu hapo nimeisoma upya habari ya Zakayo (Lk 19:1-10). Tunapenda sehemu ya mti, mtu mfupi anapanda mkuyu. Angalia kinachofuata. Yesu anajialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajatubu lolote, na watu wananung'unika. Zakayo anaposimama, hasemi tu kwamba anajuta. Anataja fungu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamlipa mara nne. Hakuna mahali Yesu alipomwambia kiasi. Upendo ulimfikia kwanza, kisha huo upendo ukamsukuma kuhesabu. Ndipo Yesu anaposema wokovu umefika katika nyumba ile.

Kumbe rehema na malipizi havigombani. Ambaye hajaonja rehema hulipa kwa hofu ya adhabu, na akipata upenyo hukimbia. Lakini anayetaka rehema bila kulipa chochote anamfanya aliyeumia alipe mara mbili: mara ya kwanza alipokosewa, na mara ya pili anapolazimishwa kutabasamu.

Na Bwana wetu anafundisha kwamba ukiwa umefika na sadaka yako altareni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda ukapatane naye kwanza (Mt 5:23-24). Soma vizuri: ni yeye ndiye ana neno juu yako. Mwendo ni wa aliyekosea. Sisi tulikuwa tumemwachia Besi mwendo wote. Yeye asamehe, yeye arudi, yeye asiwe na kinyongo. Huku mimi naendelea kuimba "soprano" kwenye Misa na sadaka yangu mkononi.

Kuna na Mtume Paulo, anapomwandikia Filemoni kuhusu Onesimo. Anasema kama Onesimo ana deni lolote, aandikiwe yeye Paulo, naye atalipa (Flm 18-19). Huyo ndiye msuluhishi wa Kikristo. Haishii kusema "jamani pataneni". Anaweka mkono wake kwenye deni.

Walioyapitia makubwa

Labda utasema, dada, hiyo ni hela ya sare tu. Kweli. Basi twende kwa majirani zetu Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kati ya mwaka 2002 na 2012, mahakama za gacaca zilizokaa vijijini zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Njia ile ilikuwa na kasoro zake, na wapo waliolalamika kwamba baadhi ya mashahidi walitishwa na baadhi ya washtakiwa hawakupata utetezi wa kutosha. Lakini iliwapa watu wengi kitu walichokihitaji mno: kuambiwa ndugu yao alifia wapi, na amezikwa wapi.

Padre Ubald Rugirangoga wa parokia ya Mushaka, aliyefariki mwaka 2021, alipoteza mama yake na ndugu wengi katika mauaji yale. Alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, na akawasomesha watoto wa mtu huyo. Lakini hakuishia kusamehe yeye. Parokiani kwake waliokuwa wameua na kutoka gerezani walipitia kipindi cha mafundisho, wakaenda kuziomba msamaha familia walizozitenda, ndipo wakarudishwa kwenye Meza ya Bwana mbele ya jumuiya. Kama wao waliweza kukaa pamoja, mimi na wewe tunashindwaje kwa ajili ya simu, hela ya kikundi au mchumba?

Isije ikatumika vibaya

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu nimeona njia hii ikiharibiwa. Kwetu kuna kitu kinaitwa "tuyamalize nyumbani". Binti amebakwa, wazee wanakaa, familia ya kijana inatoa ng'ombe au fedha, binti anaambiwa asamehe na anyamaze asiiaibishe familia. Hiyo si haki rejeshi. Jiulize maswali yale matatu: Nani ameumia? Binti. Anahitaji nini? Hakuna aliyemuuliza. Nani analipwa? Wazee.

Mambo ya ubakaji, ukatili, kunyanyasa watoto, yanapelekwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, hata kama mkosaji ni ndugu au ni mtumishi wa Kanisa. Na aliyeumizwa hapaswi kamwe kulazimishwa kukaa meza moja na aliyemuumiza. Kumbuka Besi alipewa nafasi ya kukataa, tena kwa jambo dogo kuliko hayo. Kikao ambacho aliyeumia hawezi kukikataa ni adhabu nyingine juu yake.

Kusamehe pia hakufuti uwajibikaji. Mtakatifu Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Alimsamehe Mehmet Ali Ağca, na Desemba 1983 akaenda gerezani Rebibbia, wakakaa viti viwili wakazungumza. Padri mkuu wa Kanisa lote alitoka, Ağca akabaki gerezani, na alikaa kwenye magereza ya Italia hadi mwaka 2000. Msamaha ulikuwa wa kweli, na mlango wa gereza ulibaki umefungwa. Vyote viwili vinawezekana.

Kwa maisha ya kila siku

Nimejaribu kuyaishi haya nyumbani, kazini na kwenye jumuiya. Nakushirikisha machache yaliyonisaidia.

Ukigundua umekosa, sema siku hiyohiyo. Siku zangu tatu za ukimya zilimuumiza Besi kuliko kusahau kwangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Rekebisha mahali ulipoharibia. Ulimsema grupuni, msafishe grupuni. Ulimfokea mdogo wako mbele ya wageni, usimwombe msamaha chumbani.

Uliza "umeumia wapi?" kabla ya kujieleza. Sababu zako zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zisiwe zamu yake.

Toa kitu. Umevunja sahani ya mwenzako hosteli, nunua sahani. Umempotezea mtu muda, mpe muda wako. "Samahani" isiyogharimu chochote mara nyingi tunaisema ili sisi tulale usingizi.

Na kama wewe ndiye uliyeumizwa, una ruhusa ya kusema unachohitaji. Hilo siyo kukosa msamaha. Hata Bwana anasema ndugu yako akikukosea, nenda ukamweleze kosa lake ninyi wawili peke yenu (Mt 18:15). Hakusema umeze.

Mwisho, usimpangie mtu siku ya kupona. Besi alirudi Misani mwezi Juni. Kwaya hakurudi hadi leo. Anakaa benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa kulia, na wakati wa wimbo wa kutolea namsikia kule chini anaimba besi. Tukikutana nje tunasalimiana, namuuliza hali ya mama, ananijibu. Hatujawa marafiki kama zamani. Nilitamani nikuandikie kwamba tulikumbatiana, tukalia, tukaimba pamoja. Haikuwa hivyo. Mwaka jana alinipakia kwenye pikipiki yake hadi kwenye msiba mwingine, nikamlipa nauli, akaihesabu mbele yangu, akasema kwa sauti, "Elfu mbili, nimepokea." Tukacheka wote wawili.

Tafakari ya wiki hii: Ni jina la nani ambalo hujalirudisha? Uliliharibia wapi? Na je, umewahi kumuuliza anahitaji nini?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliingia nyumbani kwa Zakayo kabla hajastahili. Ingia na kwangu. Nipe majuto yenye miguu, yatakayonipeleka hadi kwenye mlango ninaouogopa. Wafariji niliowaumiza, hasa wale ambao siwezi tena kuwafikia, na uwape kwa mkono wako kile nilichowanyang'anya. Uwalinde waliolazimishwa kunyamaza. Nifundishe kusikiliza mpaka zamu yangu ifike. Amina.

Mama Maria, Malkia wa Amani, utuombee.